Kubeba Tena: Mazoezi ya Nguvu Baada ya Upasuaji wa Titi

Mwanamke aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani hurudi nyumbani akiwa na mambo mawili: kovu kifuani na orodha ya makatazo. Asibebe ndoo. Asilime. Asitwange. Asimpakate mtoto kwa mkono wa upande uliopasuliwa. Asinyanyue kitu chochote kinachozidi kilo chache, na iwe hivyo maisha yake yote. Makatazo haya yalitolewa kwa miaka mingi na madaktari wa nchi nyingi duniani, na nia yake ilikuwa njema, yaani kuukinga mkono usivimbe. Lakini kwa mwanamke ambaye riziki yake yatokana na nguvu za mikono, kuambiwa asibebe kitu tena ni karibu sawa na kuambiwa asiishi kama alivyoishi.

Swali hili si dogo katika Afrika Mashariki. Saratani ya titi ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania na Kenya, na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha enea hadi kwapani. Kwa hiyo wengi wao hufanyiwa upasuaji mkubwa, na hao ndio ambao mikono yao huwa katika hatari zaidi ya kuvimba. Je, mkono huo upumzishwe daima, au urudishwe kazini? Kwa muda mrefu jibu lilitolewa kwa kukisia. Katika miaka 30 iliyopita limetafutwa kwa vipimo, na vipimo vimeonyesha kwamba katazo la maisha halikuwa na msingi.

Maji yasiyokuwa na moyo wa kuyasukuma

Ili kufahamu kwa nini mkono huweza kuvimba baada ya titi kupasuliwa, ni lazima kwanza kuufahamu mfumo mmoja wa mwili usiotajwa sana. Damu hutoka moyoni kwa ateri hadi ikafika katika mishipa myembamba mno iitwayo kapilari. Kuta za kapilari hupitisha maji. Sehemu ya maji ya damu, pamoja na protini kidogo, huvuja na kuingia katika tishu. Uvujaji huo si ugonjwa, bali ndiyo njia ya kuzifikishia seli chakula. Lita kadhaa za maji huvuja hivyo kila siku, na kama yasingekusanywa na kurudishwa katika damu, mwili wote ungevimba kwa muda mfupi.

Kazi ya kuyakusanya hufanywa na mishipa ya limfu. Mwaka 1622 tabibu Mwitalia, Gasparo Aselli, alimpasua mbwa aliyekuwa amekula muda mfupi kabla, akaona nyuzi nyeupe zimetanda tumboni mwake. Nyuzi hizo zilikuwa mishipa ya limfu iliyojaa mafuta ya chakula. Tangu hapo wataalamu wamegundua kwamba mishipa ya namna hiyo imeenea karibu mwili mzima, na kwamba maji yote inayoyakusanya hatimaye humiminwa katika vena kubwa zilizo karibu na shingo.

Limfu haina moyo wa kuisukuma. Mishipa yake iliyo mikubwa hujikaza yenyewe kidogo kidogo, na ndani yake mna vali zinazofunguka upande mmoja tu, mfano wa milango inayomruhusu mtu kutoka bila ya kurudi. Juu ya hayo, kila msuli wa mkono unapojikaza huibana mishipa iliyo kando yake, na limfu husonga mbele. Msuli unapolegea, mishipa hujaa tena. Kupumua kwa nguvu nako huivuta limfu kuelekea kifuani. Kwa hiyo mkono unaofanya kazi huwa pampu ya maji yake wenyewe.

Limfu ya mkono na sehemu kubwa ya limfu ya titi hupita katika tezi za kwapani, ambazo kwa kawaida ni 20 hadi 30 kila upande. Hizi ndizo zinazovimba mtu anapokuwa na jipu au kidonda mkononi, watu wakasema ana mtoki. Seli za saratani zikitoka katika titi, aghalabu hupitia njia hiyohiyo na kukwama katika tezi hizo. Ndiyo sababu daktari mpasuaji huziondoa, na mara nyingine kwapa huchomwa kwa mionzi. Saratani huondolewa, lakini njia ya limfu ya mkono nayo hupunguzwa. Maji yakizidi uwezo wa njia zilizobaki, hubaki katika tishu pamoja na protini zake, na mkono huanza kuvimba. Hali hiyo ikiachwa, ngozi huwa ngumu, na vijidudu vinavyoingia kwa mkwaruzo mdogo tu huweza kuleta homa kali.

Watu wa mwambao wanaijua hali inayofanana na hiyo kwa jina la matende. Katika matende, mishipa ya limfu huharibiwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Uvimbe wa mkono baada ya upasuaji hauna mnyoo wala mbu, lakini ni ndugu wa matende, kwa kuwa mishipa iliyoharibika ni ile ile.

Katazo lilivyoanza

Mwishoni mwa karne ya 19 mpasuaji wa Marekani, William Halsted, alieneza upasuaji wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani kwa pamoja. Matokeo ya kazi yake katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliyachapisha mwaka 1894. Upasuaji huo ulitumika sehemu nyingi za dunia kwa zaidi ya nusu karne. Halsted mwenyewe aliiona athari yake, na mwaka 1921 aliandika juu ya kuvimba kwa mikono ya wagonjwa, akauita uvimbe huo matende ya upasuaji.

Hoja ya kukataza kazi ilifuata kwa urahisi. Msuli unapofanya kazi hupata damu nyingi zaidi. Damu ikizidi, maji yanayovuja huzidi. Njia ya kuyaondoa imepunguzwa. Basi mkono utavimba. Hoja hii ilionekana kuwa na mantiki, nayo ikapita kutoka kwa daktari hadi kwa muuguzi, na kutoka kwa muuguzi hadi kwa mgonjwa, hata ikawa kama sheria. Kasoro yake ilikuwa moja: hakuna aliyekuwa ameipima. Ilihesabu maji yanayoingia mkononi tu, ikasahau kwamba msuli uo huo unaoongeza maji ndio pia unaoyasukuma yatoke.

Wakati huohuo upasuaji wenyewe ulikuwa ukipungua ukubwa. Majaribio yaliyoongozwa na Bernard Fisher wa Pittsburgh, yaliyoanza mwaka 1971, yalionyesha kwamba upasuaji wa Halsted haukurefusha maisha kuliko upasuaji mdogo zaidi. Katika miaka ya 1990 ikaanza kutumika njia ya kutafuta tezi ya kwanza inayopokea limfu kutoka katika titi. Tezi hiyo ikiwa haina saratani, nyingine huachwa mahali pake. Faida yake kwa mkono ni kubwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba uvimbe uliwapata wanawake wapatao 20 kati ya kila 100 walioondolewa tezi za kwapani kwa wingi, lakini wapatao 6 tu kati ya 100 waliotolewa tezi hizo za kwanza peke yake.

Wapiga kafi wa Vancouver

Mtu wa kwanza kulitia katazo hilo katika majaribio hadharani alikuwa Don McKenzie, daktari wa tiba ya michezo katika Chuo Kikuu cha British Columbia, mjini Vancouver, Kanada. Mwaka 1996 aliwakusanya wanawake 24 waliowahi kutibiwa saratani ya titi ili wajifunze kupiga kafi katika mashua ndefu za asili ya Kichina, zenye kichwa cha joka. Mashua hizo huendeshwa na wapiga kafi 20, na kazi yake ni ya mabega, mikono na kifua, ikirudiwa mara nyingi mfululizo. Kwa kifupi, ilikuwa ile ile kazi ambayo wanawake hao walikuwa wameambiwa waiepuke.

McKenzie hakuwatia chomboni siku ya kwanza. Waliimarishwa kwanza kwa mazoezi ya viungo na ya kunyanyua vitu vizito, wakaongezewa kazi kidogo kidogo, na mikono yao ikaangaliwa wakati wote. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1998. Hakuna mwanamke aliyepata uvimbe mpya, na wale waliokuwa na uvimbe tangu mwanzo hawakuzidiwa. Vyama vya wapiga kafi wa namna hiyo vimekwisha enea katika mabara mbalimbali.

Hata hivyo, wanawake 24 wasio na kundi la kulinganishwa nalo hawatoshi kuthibitisha jambo. Labda waliojitokeza walikuwa na afya bora kuliko wenzao. Ilibidi jaribio lifanywe kwa kugawanya watu kwa bahati nasibu.

Jaribio la Philadelphia

Jaribio hilo liliongozwa na Kathryn Schmitz wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Sehemu yake ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 2009, ilihusu wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa imekwisha vimba. Nusu yao walinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki kwa muda wa mwaka mmoja, na nusu hawakunyanyua. Wanyanyuaji walianza na uzito mdogo sana, au bila ya uzito wowote, wakavaa vazi maalumu la kubana mkono wakati wa mazoezi, na kwa wiki 13 za mwanzo walisimamiwa na wakufunzi. Uzito uliongezwa kwa kiasi kidogo kabisa, na pale tu mkono ulipokuwa haujaonyesha mabadiliko. Lakini hapakuwekwa kikomo cha juu. Kila mmoja aliruhusiwa kufika pale ambapo nguvu zake zingemfikisha.

Matokeo yalikuwa wazi. Mikono iliyoongezeka uvimbe kwa asilimia 5 au zaidi ilikuwa asilimia 11 kwa wanyanyuaji, na asilimia 12 kwa wasionyanyua. Yaani hapakuwa na tofauti. Lakini wale waliopatwa na vipindi vya uvimbe kuzidi ghafla, hata wakahitaji matibabu, walikuwa asilimia 14 kwa wanyanyuaji na asilimia 29 kwa wenzao. Aidha wanyanyuaji walipata nguvu zaidi, na uchungu na uzito wa mkono vikapungua.

Sehemu ya pili, iliyochapishwa mwaka 2010, ilihusu wanawake 154 ambao mikono yao ilikuwa haijavimba bado. Baada ya mwaka mmoja uvimbe uliwapata asilimia 11 ya wanyanyuaji na asilimia 17 ya wasionyanyua. Kwa wale walioondolewa tezi 5 au zaidi, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 7 kwa asilimia 22. Jaribio lilikusudiwa kuonyesha kwamba mazoezi hayadhuru, na hilo lilithibitika. Kwamba huenda yakakinga ilikuwa ni ziada.

Mwaka 2021 jaribio jingine, lililofanywa nchini Uingereza kwa wanawake 392 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata matatizo ya bega, lilionyesha kwamba walioanza mazoezi chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji walikuwa na mikono inayofanya kazi vizuri zaidi mwaka mmoja baadaye kuliko wale waliopewa maelezo ya maandishi tu.

Kwa nini kazi haidhuru?

Maelezo ya jambo hili yanafahamika kwa mfano wa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Kwa mkono wenye nguvu za kubeba kilo 30, ndoo hiyo ni kazi ya kawaida. Kwa mkono uliopumzishwa mwaka mzima hata nguvu zake zikashuka hadi kilo 10, ndoo ile ile ni mzigo mara mbili ya uwezo wake. Msuli huumia, tishu huwashwa, damu hukimbilia hapo, na maji huvuja kuliko njia za limfu zinavyoweza kuyaondoa. Hapo ndipo mkono huvimba.

Sasa basi, katika maisha ya kawaida hakuna mwanamke anayeweza kuepuka mizigo yote. Siku moja mtoto ataanguka na itabidi anyanyuliwe. Siku nyingine hakuna wa kuteka maji. Katazo la maisha halikuuondoa mzigo, bali liliupunguza uwezo wa mkono wa kuubeba, na hivyo likaileta karibu ile hatari iliyokusudiwa kuepukwa. Mazoezi hufanya kinyume chake. Huinua uwezo wa mkono taratibu hata kazi ya kila siku ikawa chini ya kikomo chake. Kinachoudhuru mkono ni mzigo wa ghafla.

Kuna faida nyingine pia. Baadhi ya dawa zinazotumika dhidi ya saratani ya titi hupunguza homoni ya estrojeni mwilini, na kwa njia hiyo hudhoofisha mifupa. Mifupa inayobebeshwa uzito kwa kiasi hujiimarisha, na misuli iliyoyeyuka wakati wa matibabu hurudi.

Kidonda hakiharakishwi

Kuthibitika kwamba mazoezi ni salama hakuna maana kwamba yaanze kesho yake kwa nguvu. Kidonda cha upasuaji hupona kwa hatua, na hatua hizo hazirukwi. Katika siku chache za mwanzo mwili huondoa damu iliyoganda na tishu zilizokufa. Kisha, kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, huunda nyuzi za protini iitwayo kolajeni ili kuunganisha kingo za kidonda. Mwishoni mwa wiki ya tatu kovu huwa limefikia kiasi cha asilimia 20 tu ya nguvu za ngozi ya kawaida, ijapokuwa kwa macho kidonda kimefunga. Nyuzi hizo huendelea kupangwa upya kwa miezi mingi, na hata mwishowe kovu halizidi asilimia 80 hivi ya nguvu za awali.

Mpangilio wa kolajeni hutegemea pia namna kiungo kinavyotumiwa. Bega lisilosogezwa kabisa hushikwa na kovu fupi na gumu, na kulinyoosha baadaye huwa kazi ya machozi. Wengine huona kamba nyembamba zimejitokeza chini ya ngozi kutoka kwapani hadi kiwikoni, zikiuzuia mkono kunyooka. Kamba hizo huogofya, lakini si saratani, nazo kwa kawaida huisha kwa kunyoosha mkono polepole.

Kwa wanawake waliowekewa mfuko wa silikoni, ama kwa kujengewa titi upya au kwa kutaka kuongeza ukubwa wake, kuna jambo jingine la kuzingatia. Upasuaji wa aina hii ulianza mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, kwa kazi ya Thomas Cronin na Frank Gerow. Mwanamke anayeongeza ukubwa tu haondolewi tezi, kwa hiyo uvimbe wa limfu si tatizo lake kubwa. Lakini mara nyingi mfuko huwekwa chini ya msuli mkubwa wa kifua, na sehemu ya mashikizo ya msuli huo hukatwa ili kuupatia nafasi. Mwili nao hujenga ala ya kovu kuuzunguka mfuko. Kusukuma au kunyanyua kwa nguvu mapema huweza kuleta kutoka damu ndani, au kuuhamisha mfuko kabla ala haijakomaa. Kwa hiyo kutembea huanza mara moja, lakini mazoezi ya kifua husubiri kiasi cha wiki sita au zaidi, kwa idhini ya mpasuaji.

Kuanza upya, hatua kwa hatua

Utaratibu halisi hutolewa na daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo anayemjua mgonjwa. Hata hivyo, mwendo wake wa kawaida ni huu ufuatao.

Siku za mwanzo: Mgonjwa hutembea, huvuta pumzi ndefu, hufumba na kufumbua kiganja, na hukunja na kukunjua kiwiko. Mkono haupandishwi juu ya bega mpaka daktari aruhusu, hasa wakati mpira wa kutolea maji ya kidonda ungalipo.

Baada ya wiki ya kwanza au ya pili: Bega huanza kunyooshwa. Zoezi rahisi ni kusimama mbele ya ukuta na kuvipandisha vidole juu yake polepole, kisha kutia alama mahali vilipofika ili kesho vijaribu kupita hapo. Kujichana nywele na kufunga kanga ni mazoezi pia.

Baada ya wiki nne hadi sita, kidonda kikiwa kimefunga vema: Uzito mdogo huanza. Mwenye vyuma atatumia vyuma. Asiye navyo atatumia chupa. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo hivi, ya lita moja kilo moja, na dumu la lita tano kilo tano. Huinuliwa mara 10, mtu akapumzika, akarudia, hadi mizunguko mitatu, mara mbili kwa wiki, na siku za kupumzika ziwe katikati.

Miezi inayofuata: Uzito huongezwa pale tu mikutano miwili ya mazoezi imepita bila ya dalili yoyote mkononi. Aliyesimama kwa wiki moja au zaidi, kwa safari au kwa ugonjwa, harudi palepale alipoachia, bali hushuka kidogo na kupanda tena. Mwenye mkono uliokwisha vimba hufanya mazoezi akiwa amevaa vazi la kubana lililopimwa kwa mkono wake.

Kuupima mkono

Anayefanya mazoezi ni lazima aujue mkono wake. Dalili za kwanza za uvimbe hutangulia kuonekana kwake: mkono huhisi mzito, bangili au pete hubana, mkono wa gauni uliokuwa ukiingia kwa urahisi hukwama. Dalili hizo zikidumu, uzito upunguzwe na mtaalamu aonwe. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, na homa ikapanda, hilo ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda vijidudu vimeingia.

Njia rahisi ya kupima ni utepe wa fundi cherehani. Mikono yote miwili huzungushiwa utepe mahali palepale, kwa mfano sentimita 10 juu na chini ya kiwiko, na vipimo huandikwa kila mwezi. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi iliyojitokeza baada ya upasuaji ni sababu ya kumwona daktari. Ndiyo sababu ni vema mikono ipimwe hata kabla ya upasuaji, ili ijulikane tofauti ya asili, kwani mkono wa kulia na wa kushoto mara nyingi havilingani hata kwa mtu mzima wa afya.

Njia ya pili, iliyotumiwa na wataalamu wa Philadelphia, haina ugumu zaidi. Chombo kirefu hujazwa maji hadi ukingoni, mkono ukatumbukizwa, na maji yanayomwagika yakakingwa na kupimwa. Kiasi cha maji hayo ndicho ukubwa wa mkono.

Kazi iliyobaki

Wataalamu wa tiba ya viungo ni wachache katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na vazi la kubana mkono si rahisi kupatikana. Lakini sehemu kubwa ya maarifa haya haihitaji mtambo. Ukuta, chupa ya maji, utepe na daftari hupatikana kijijini na mjini. Kinachohitajika ni muuguzi mwenye dakika chache za kumwonyesha mgonjwa mazoezi kabla hajatoka wodini, na miadi ya kuupima mkono kila anaporudi kliniki.

Inahitajika pia jamaa waelewe. Mara nyingi wanaomkataza mwanamke kufanya kazi ni watu wa nyumbani kwake, kwa huruma. Huruma hiyo ni ya lazima katika wiki za mwanzo, na watoto na mume wachote maji na kuchanja kuni. Baadaye msaada ulio bora ni kumwachia mzigo unaolingana na nguvu zake za siku hiyo: leo chupa, mwezi ujao dumu, na baadaye, daktari akiridhia na mkono ukiwa shwari, ndoo.